Kuku, Mwambie Huyo Fundi

Ukitaka kumjua mtu, mpe bolti iliyokwama halafu simama pembeni usikilize. Mimi bolti ikinigomea hutukana. Nimeshaitukana pampu ya maji, nimeshalitukana geti, na pikapu yangu kuukuu ya bluu nimeitukana kuliko vyote hivyo kwa sababu ndiyo niipendayo. Mke wangu alishazoea. Husema majirani zetu wa Ihumwa hawahitaji kalenda, maana wakisikia sauti yangu chini ya gari wanajua leo ni Jumamosi.

Lakini mwaka mmoja ilinibidi nishushe giaboksi nzima bila kutoa tusi hata moja, kwa sababu mama mkwe alikuwa amekaa uani.

Alikuwa ametoka kijijini kwake Haneti kuja kufanyiwa upasuaji. Alikuwa na mtoto wa jicho, kulia na kushoto, na kwa misimu kadhaa alikuwa akipanda uwele kwa kupapasa. Anachimba kwa jembe, analitafuta shimo kwa kidole cha mguu, anadondosha mbegu, anafukia. Hospitali walimtengeneza jicho la kulia kwanza, wakasema la pili litasubiri, wakampa dawa ya matone na masharti: asiiname, asiinue kitu kizito, asijikaze, na vumbi asilikaribie. Sasa mpe mwanamke wa Kigogo masharti hayo mwezi wa Novemba, wakati wenzake wanaberega mashamba, yaani wanaparua majani juu juu wakingoja mvua. Hakubisha. Alimwomba binti yake jambo moja tu.

"Mwaka huu nataka nione mbegu ikiingia shimoni," alisema. "Nirudisheni kabla mvua haijanyesha."

Basi lisingefaa kwa sababu ya vumbi na msongamano. Ilibaki pikapu, na pikapu ilikuwa mgonjwa. Kati ya injini na giaboksi kuna sili, pete za mpira zinazozuia oili isitoke mahali shafti zinapozunguka. Zangu zilikuwa zimechoka. Oili ilivuja ikalowesha klachi, na klachi ikilowa haishiki. Kwenye tambarare tulikwenda, lakini ikitokea kilima hata kidogo injini inaunguruma na gari limesimama palepale. Na huwezi kufika Haneti bila kupanda.

"Peleka gereji," mke wangu alisema.

Sikupeleka. Mara ya mwisho niliipeleka kwa ajili ya breki, ikarudi na mlio ambao haikwenda nao. Isitoshe nilikuwa likizo. Mimi ni mpima viwanja, na jua la Dodoma lote huishia kwenye utosi wangu, kwa hiyo kulala kivulini kwangu ni starehe, hata kama kivuli chenyewe ni cha gari. Nililipandisha gari juu ya mawe na magogo chini ya mwarobaini wetu, nikatandika gunia, nikaingia.

Hapo sasa ndipo yalipoanza mambo ya ukwe.

Kwetu mama mkwe ni mtu wa kuonewa haya. Humtazami usoni, humtaji jina, huli naye. Ukiingia uani unakohoa kwanza ili apate nafasi ya kugeuka na kuvuta kanga kichwani. Naye anafanya hivyohivyo kwako. Siku hizi vijana wengi wameyaacha haya, wanapiga picha na wakwe zao wamekumbatiana, na sina ugomvi nao. Lakini mama huyu ni wa zamani, na mimi nilikwishamzoea hivyo. Kifungua mimba wetu yuko chuo, na tangu nimwoe mama yake sikuwahi kuuona uso wa bibi yake vizuri. Nilijua mgongo wake, sauti yake na miguu yake. Salamu nilimpa kwa mbali, nimeinama: "Shikamoo, mama." Akaitika akiutazama ukuta. Mambo mengine yote yalipita kwa mke wangu, ambaye alituchukulia maneno huku na huku kama mtu achotaye maji.

Shida ni kwamba mke wangu ni mwalimu. Asubuhi alikwenda kufundisha, watoto wengine wako shule za bweni, na nyumbani tukabaki wawili tusiosemeshana. Mmoja chini ya gari na mwingine kwenye kigoda, wamepeana mgongo.

Siku ya kwanza tulikaa kimya mpaka jua likapanda. Nilisikia akiinuka, akiingia jikoni, akirudi. Halafu nikasikia:

"Wewe kuku. Mwambie huyo fundi chai yake iko juu ya ndoo, inapoa."

Tulikuwa na tetea mmoja aliyekuwa akichakura karibu na tairi. Nilitoa kichwa, nikamwona kuku, kuku akaniona. Nikawaza haraka. Kumjibu kuku ilikuwa kama kumjibu mama mwenyewe, kwani kuku alikuwa mjumbe wake. Nami nilistahili mjumbe wangu.

"Giaboksi," nikasema, "mwambie kuku tumeshukuru sana. Tunakuja."

Nikamsikia mama akicheka kwa puani. Tangu hapo tulizungumza kutwa. Alimuuliza kuku kama huyo fundi amekula. Giaboksi ilimuuliza kuku kama matone ya mchana yamewekwa, kwa sababu hilo ndilo lililoniumiza kichwa kuliko bolti. Kuku akajibu kwamba yamewekwa, na yanawasha. Ilipofika zamu ya bolti ya juu kabisa, ambayo huioni bali unaipapasa tu kwa vidole mpaka bega linakufa ganzi, damu ilinichemka na tusi likanifika kwenye meno. Nikalimeza.

"Ewe mbarikiwa!" nikapiga kelele. "Ewe mpendwa wa Bwana! Toka!"

"Kuku," mama akasema, "huyo fundi leo anasali?"

Mke wangu aliporudi alitukuta hivyo, akasimama getini na madaftari yake kifuani akicheka hadi machozi. Alisema kwa mara ya kwanza tangu aolewe amepumzishwa kazi.

Giaboksi ilishuka salama. Nilizitoa sili za zamani, ngumu, midomo yake imepasuka, nikaziweka juu ya ndoo ili zionekane. Mama alipokwenda kuchukua kikombe alisimama kidogo.

"Kuku, hivi kidude hiki ndicho kinachotuzuia tusiende?"

"Giaboksi, mwambie ndicho hichohicho."

"Basi," akamwambia kuku, "na langu lilikuwa hivyohivyo. Walitoa kitu kidogo sana."

Sili mpya nilizipaka oili, nikazikalisha kwa kipande cha bomba, nikigonga taratibu huku na huku ziingie sawa. Nilibadilisha na plati ya klachi. Hadi hapo sikuwa nimekosea chochote, na kichwa kilianza kuvimba. Upande wa mashariki mawingu yalikuwa yanajikusanya kila alasiri, na kila alasiri mama aligeuza kigoda akayaelekea. Nikaona kazi imebaki kuirudisha giaboksi tu.

Kuirudisha ndiyo kazi yenyewe. Shafti ya giaboksi ina meno, na lazima yaingie kwenye meno ya klachi yote kwa pamoja, huku umeinyanyua giaboksi kwa jeki na kuisukuma kwa mikono umelala chali. Ikikataa kidogo tu, haiingii. Ilikataa. Nikaizungusha, ikakataa. Nikaangalia saa, nikaangalia mawingu, nikaisukuma kwa goti kwa hasira, kwa nguvu zote. Hasira hasara. Jeki iliyokuwa juu ya udongo mkavu ililala upande, na giaboksi ikanikalia kifuani.

Haikuniua, kama unavyoona. Lakini ilinibana, mkono wa kulia ukiwa umekwama kati yake na bomba la moshi, na kila nilipotoa pumzi ilishuka kidogo zaidi, hivi kwamba pumzi ya kurudisha ilipungua. Nilijua nahitaji msaada, na nilijua nani yuko karibu. Na hivi ndivyo nilivyolelewa: mtu anakata roho, bado anafuata adabu.

"Kuku," nikasema kwa sauti iliyobaki. "Kaite jirani."

Mama alielewa papo hapo. Nilisikia kandambili zake zikikimbia hadi getini. Aliita upande huu, akaita upande ule. Ilikuwa siku ya kazi, watu wote wametawanyika, na kule relini treni ilikuwa inapita ikaimeza sauti yake. Kandambili zikarudi. Zikasimama karibu na tairi la mbele, nikaziona kwa pembe ya jicho, na hazikusogea.

Nilijua anachowaza. Daktari alimwambia asiiname wala asijikaze. Mila ilimwambia asinione. Lakini mila haikuwa kitu tena kichwani mwangu. Nililiwaza lile jicho, moja, jipya, lililosubiriwa misimu yote ile, na vumbi lililojaa chini ya gari langu.

"Mama," nikasema. Sikumwambia kuku. "Usiiname. Jicho."

"Nyamaza, mwanangu," akajibu. "Usimalize pumzi."

Aliondoka, akarudi na mchi wa kinu. Akasukuma jiwe kwa mguu hadi ubavuni mwangu. Kisha yule mama, aliyenigeuzia mgongo kwa heshima miaka yote ile, akapiga magoti, akalala kifudifudi vumbini, kanga ikamtoka kichwani akaiacha, akaingiza kichwa chini ya gari. Alihitaji kuona mahali pa kuuweka mchi. Jicho lake la kulia lilikuwa jekundu, limejaa maji, nalo lilikuwa wazi, likitafuta.

"Hapa?"

"Hapo."

"Nikikandamiza, toka."

Alilaza mchi juu ya jiwe, ncha chini ya giaboksi, akaukandamiza upande wa pili kwa uzito wake wote. Nilisikia akiguna kwa nguvu anazotumia. Giaboksi ikanyanyuka kidogo tu, lakini ilitosha. Nikajivuta, ngozi ya mkono ikabaki kwenye bomba, nikatoka upande wa pili nikiwa napumua kwa pupa kama ng'ombe aliyefika bwawani.

Nilipogeuka tulikuwa tumetazamana chini ya gari, yeye upande ule na mimi huku, mashavu yote mawili yako mavumbini. Alinitazama. Sikuwahi kutazamwa vile na mtu aliyekuwa amenijua muda mrefu hivyo.

"Nilimwoza mwanangu kwa kijana," akasema polepole. "Kumbe ana mvi."

Kisha akaokota kanga yake, akajifunika, akanigeuzia mgongo.

Nililia. Naandika wazi kwa sababu ni kweli. Maumivu yalikuwepo, ila si hayo yaliyoniliza. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa shule ya msingi, na tangu hapo hakuna mtu mzima aliyenipigia magoti vumbini. Nilikaa nimeegemea tairi nikajifuta pua kwa tambara la oili.

Baada ya muda nikamsikia kwa upande ule mwingine, sauti ndogo:

"Kuku. Mwambie jicho linaona moshi."

Nilimpigia mke wangu simu kwa mkono wa kushoto. Alikuja na bajaji, akamshika mama mkono wakaenda hospitali. Sikuweza kukaa naye kwenye bajaji moja, si siku ile, baada ya yote tuliyokwisha kuyavunja. Nilibaki uani na kuku. Gari lilikuwa limekaa juu ya mawe yake, giaboksi imelala chini kiubavu, na sikuwa na hamu hata ya kuitukana. Nilifikiria tu kwamba nimemrudisha mama gizani kwa ajili ya goti langu na haraka zangu, tena kabla hajaiona hata mbegu moja.

Walirudi alasiri, jicho limefungwa bandeji. Daktari alikuwa amemuuliza alikuwa anafanya nini hadi vumbi likaingia kiasi kile.

"Akamwambia alikuwa anatafuta kuku chini ya gari," mke wangu alininong'oneza. Kidonda cha upasuaji hakikufunguka, alisema, ila vumbi limekwaruza juu. Apumzike, bandeji isiguswe, arudi watakapomwita. Kama litaona vizuri au halitaona vizuri, itajulikana bandeji ikitoka.

Siku zilizofuata ndizo nilizofanya kazi kwa adabu kuliko zote maishani mwangu. Niliweka ubao mpana chini ya jeki. Nilimwomba jirani, mtu mzima mwenzangu, anishikie kwa nyuma. Meno yalipokataa niliishusha, nikapumzika, nikaanza upya, na iliingia yenyewe kwa mlio mdogo laini. Nikafunga bolti zote, hata ile mbarikiwa ya juu. Mama alikaa kwenye kigoda chake na bandeji, jicho la pili likiwa na ukungu uleule wa zamani, akiyasikiliza mawingu. Hakuwa na la kumwambia kuku, na mimi niliogopa kuuliza.

Asubuhi ya kutoa bandeji mke wangu aliomba ruhusa kazini akampeleka. Mimi nilikwangua oili kwenye kucha hadi zikauma. Geti lilipofunguliwa nilikohoa, nikageuka ukutani kama kawaida. Kandambili zikaja hadi katikati ya uwanja, zikasimama. Kuku alikuwa anachakura palepale.

"Ala!" mama akasema. "Kuku, kumbe wewe ni mwekundu! Siku zote nazungumza nawe nikidhani u mweusi."

Nikaegemeza paji la uso kwenye ukuta nikacheka peke yangu.

Haya ya ukwe ikivunjika kwetu hutengenezwa. Mkwe aliyekosea hutoa kitu, akubaliwe, mambo yarudi yalivyokuwa. Nilimwambia mke wangu amkamate yuleyule kuku ampelekee mama. Alimpokea kwa mikono miwili, akampima uzito, akatoa hukumu: huyu haliwi, anajua mengi.

Tuliondoka siku iliyofuata. Mke wangu alikaa katikati, magoti yake yakigombana na gia, mama akakaa dirishani na kuku mapajani. Tulipofika kwenye mwinuko wa kwanza nilibana meno. Nikakanyaga, nikaachia, nikaongeza moto, na klachi ikashika. Pikapu ikapanda bila kulalamika.

"Kuku, mwambie dereva gari limeacha kupiga kelele," mama akasema, akiwa ametoa uso dirishani, akitazama nje. Alitazama njia nzima. Alituambia, kupitia kuku, mibuyu ipi imekatwa matawi, nyumba ipi imepata bati jipya, mbuzi wa nani wamekonda.

Mvua ilinyesha usiku wa kuamkia siku yetu ya pili huko. Asubuhi ardhi ilikuwa nyekundu na laini, na mama alikuwa shambani kabla hatujanywa chai. Nilikwenda baadaye, nikasimama pembeni kabisa, nimewapa mgongo kama ipasavyo, nikiangalia vilima vya Chenene. Nyuma yangu nilisikia jembe likipiga, binti yake akichimba, mama akifuata na kibuyu cha mbegu. Kuku mgeni hufungwa mguu asipotee, na wetu alifungwa kwenye kisiki karibu nami. Nilisikia hatua za mama zikija mstari hadi mstari, zikisimama kwenye kila shimo kwa muda mrefu kuliko unavyohitaji kudondosha mbegu. Alikuwa anaangalia. Hakuharakisha hata kidogo, na sikutaka aharakishe.

Alipofika mwisho wa mstari, upande wangu, alisimama.

"Kuku," akasema.

Jembe la mke wangu likanyamaza.

"Mwambie huyo dereva ageuke. Siku ile kulikuwa na kivuli, na jicho lilikuwa na maji. Sikumwona vizuri."

Nilisita. Sikujua kama kuna kuku wa kutosha duniani wa kutengeneza hili.

"Mwambie jua liko upande mzuri," akaongeza, sauti ikiwa chini. "Na la pili bado halijatengenezwa. Siwezi kujua kama nitamwona tena."

Nikageuka. Niliinamisha macho, kama mkwe mwenye adabu, nikayaweka kwenye shimo lililokuwa na mbegu ambazo bado hazijafukiwa, na nikasimama hivyo, jua usoni, mpaka aliposema kwa kuku, "Haya. Nimemwona."